Kisanduku cha kupimia maji ya tangi la chumvi: kinachokamata na kinachokiponyoka samaki wanapokufa ghafla

Kisanduku ninachokieleza hapa ni cha vitendanishi vya majimaji (kemikali za kupimia zinazobadilisha rangi) kwa wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi, chenye vipimo vinne: amonia, nitriti, nitrati na pH (kiwango cha asidi au ualkali wa maji). Wengi hukinunua tangi linapoanzishwa, wakakiweka kabatini, na hawakikumbuki tena hadi asubuhi wanapowakuta samaki kadhaa wamekufa na waliosalia wakihema juu ya maji. Nimekitathmini kwa kuifikiria asubuhi ya namna hiyo, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapokihitaji kweli.

Sifa kubwa inakiendea kipimo cha amonia. Unatia mililita 5 za maji ya tangi katika mrija, unadondosha matone kutoka chupa mbili, unatikisa, unasubiri kwa dakika zilizoandikwa kwenye mwongozo, kisha unalinganisha rangi na kadi: manjano maana yake amonia haipo, na kadiri ukijani unavyokolea ndivyo hatari inavyozidi. Ukijani huo usipuuzwe hata ukiwa hafifu, kwa sababu pH ya maji ya chumvi kwa kawaida huwa kati ya 8.1 na 8.4, na pH inapopanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia yenye sumu kali huongezeka takriban mara kumi. Lawama yangu ni kwa kadi ya rangi, ambayo tofauti yake kati ya sifuri na 0.25 ni ndogo mno, hasa usiku chini ya taa. Dawa yake ni kupima pia maji mapya ya chumvi ambayo hayajaingia tangini, kisha kuisimamisha mirija yote miwili mbele ya karatasi nyeupe penye mwanga wa mchana. Hapo tofauti iliyojificha huonekana wazi.

Jambo ambalo mwongozo umelinyamazia, na ambalo kwa maoni yangu lilistahili ukurasa mzima, ni kwamba samaki aliyekufa huoza na kutoa amonia. Mzoga ukikaa nyuma ya mawe usiku kucha, amonia unayoipima asubuhi huenda ikawa matokeo ya kifo na wala si chanzo chake. Kwa sababu hiyo, chota maji ya kupimia kabla ya kubadilisha maji, yaweke katika chupa safi, na uhesabu samaki wote, ukimtafuta asiyeonekana.

Vipimo vingine nitavipitia kwa ufupi. Nitriti haiwadhuru sana samaki wa maji ya chumvi, kwa kuwa kloridi iliyomo majini huizuia isiingie kwa wingi kupitia matamvua, lakini ikionekana inaashiria kwamba bakteria wa kichujio, wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, wamelemewa. Chupa ya pili ya nitrati lazima itikiswe kwa nguvu, la sivyo kitendanishi hutuama chini na jibu huwa dogo kuliko hali halisi.

Sasa nije kwenye upungufu ulio mkubwa zaidi: kisanduku hakipimi oksijeni, na kukosekana kwa oksijeni kunaweza kuua tangi zima kwa usiku mmoja huku vipimo vyote vinne vikisoma vizuri. Maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, na hupungukiwa zaidi joto linapopanda. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, au utando wa mafuta ukifunika uso wa maji, samaki wakubwa mara nyingi ndio wanaotangulia kufa.

Wala hakigundui vimelea. Kimelea kiitwacho Amyloodinium ocellatum hushambulia matamvua na kinaweza kuua kabla vumbi lake la rangi ya dhahabu halijaonekana kwenye ngozi, hivyo mwenye tangi huona maji safi na samaki wanaohema haraka, basi. Hapa macho hushinda vitendanishi: samaki wakifa mmoja baada ya mwingine huku kamba na konokono wakiendelea na shughuli zao, shuku vimelea, kamba wakifa pamoja nao, shuku sumu, kama vile shaba, sabuni iliyobaki mikononi au dawa ya wadudu iliyopulizwa chumbani.

Ninapendekeza kisanduku hiki kinunuliwe, kwa sharti kwamba kiandamane na kipimo cha chumvi, kipimajoto, na pampu ya hewa inayotumia betri. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kila chupa kabla ya kulipa, na samaki wakionekana kuhema juu ya maji, washa hewa kwanza, ndipo ufungue chupa ya vitendanishi.