Fundi wa Ngamiani anayenakili kwanza: tathmini ya huduma ya kuokoa hadi diski

Jambo la kwanza ambalo fundi huyu wa Ngamiani, Tanga, alilifanya alipopokea hadi diski (hard disk, kifaa cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta) ya shemeji yangu lilikuwa kukataa kuichomeka. Aliigeuza mkononi, akauliza kama imewahi kuanguka, inatoa sauti gani inapowashwa na nani mwingine ameigusa tangu ianze kusumbua, kisha akaiweka kando na kusema: "Kaka, kila ukiiwasha unaipunguzia maisha. Hapa tutaiwasha kwa kazi moja tu, kunakili." Nimeshaona mafundi wengi wa kompyuta wakianza na bisibisi au na programu ya kurekebisha, na nadhani tofauti kati yao na huyu ndiyo inayostahili kuandikiwa tathmini.

Shemeji ana studio ya picha na video za harusi huko Makorora, na diski yenyewe ni ile ndogo ya nje yenye ukubwa wa terabaiti 1, ambamo zilikuwamo kazi za wateja, baadhi hazijakabidhiwa. Dalili zilianza taratibu: folda zikawa zinachelewa kufunguka, video ikawa inaganda mahali palepale kila inapochezwa, na baadaye kompyuta nzima ikawa inakwama mara diski inapochomekwa, mpaka ichomolewe. Fundi wa awali, mahali pengine mjini, alishauri Windows iachwe iikague na kuirekebisha diski, na ikishindikana ifomatiwe halafu mafaili yatafutwe kwa programu ya kurejesha. Ushauri huo husikika wa busara kwa sababu hufaa kweli pale ambapo diski ni nzima na kilichovurugika ni mpangilio wa mafaili tu. Kwa diski ambayo uso wake wenyewe umeanza kuharibika, ni hatari. Amri ya chkdsk, ambayo ndiyo Windows huitumia kukagua diski, hasa inapoagizwa kutafuta sekta mbovu (sekta ni vile vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa), huilazimisha diski dhaifu isomwe yote na wakati huohuo huandika mabadiliko juu yake, na faili ambazo haielewi ni za wapi huweza kuzitupa ndani ya folda ya found.000 zikiwa hazina hata majina yake ya asili.

Hadi diski ya aina hii ni sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kikigusa sahani hukwangua, na unga unaotokana na mkwaruzo huo husambaa na kukwangua pengine. Ndiyo maana saa moja ya kujaribujaribu inaweza kugharimu zaidi ya mwezi mzima wa kuiacha diski imezimwa kabatini.

Uchunguzi wake ulikuwa mfupi na ulifuata utaratibu ninaoukubali. Alibadilisha kebo kwanza, kwa kuwa kebo mbovu au tundu la USB lisilotoa umeme wa kutosha huleta dalili zinazofanana na za diski inayokufa, na si haki kumtoza mtu fedha za uokoaji kwa kosa la waya. Kisha akaiunganisha na kompyuta yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, iliyopangwa isiifungue diski yenyewe wala kuandika chochote juu yake, akasoma kumbukumbu za SMART kwa programu ya smartctl. Anayetumia Windows anaweza kuona takwimu hizohizo kwa CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. SMART ni daftari ambalo diski yenyewe hujiandikia afya yake, na mistari michache ndiyo ya kuangaliwa kwanza: namba 5 huonyesha sekta zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba, namba 197 zile zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri kuamuliwa, namba 198 zilizoshindikana kabisa, na namba 199 hulaumu mawasiliano, yaani mara nyingi kebo. Diski ya shemeji ilikuwa safi kwenye 199 na mbaya sana kwenye 197.

Hapo akatoa maelezo ambayo sikuwahi kumsikia fundi mwingine akimpa mteja. Sekta inayosubiri hubaki kwenye hesabu hiyo mpaka isomeke, au mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Ikiandikwa upya, diski ama huikubali tena au huihamishia kwenye akiba, na hesabu ya 197 hushuka. Maana yake ni kwamba diski iliyofomatiwa kikamilifu inaweza kuonekana imepona, takwimu zikapendeza, na kilichokuwamo kikawa kimefutika moja kwa moja. Anayenunua diski za mitumba aangalie namba 5 pamoja na saa ambazo diski imekwisha kuwashwa, ambazo hurekodiwa katika namba 9, wala asiridhike na neno la kijani linalosema afya ni njema. SMART yenyewe nayo haipaswi kuaminiwa kupita kiasi: watafiti wa Google waliochunguza diski zaidi ya 100,000 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007 waligundua kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya ishara nne walizoziona kuwa na nguvu kuliko zote.

Kazi ya kunakili ilifanywa kwa GNU ddrescue, programu huria isiyouzwa, na hapa ndipo fedha ya mteja inapofanya kazi yake. Badala ya kuchukua faili moja moja, programu hii hunakili diski nzima sekta kwa sekta kwenda kwenye diski nyingine isiyopungua ukubwa wake. Huanza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikikuta pagumu huruka na kuendelea mbele, na hurudi kwenye vipande vilivyokataa baadaye, wakati sehemu kubwa ya mali imekwisha kuwa salama. Kila hatua huandikwa kwenye faili ya kumbukumbu, kwa hiyo umeme ukikatika kazi huendelea pale ilipoishia. Kwa mji ambao umeme unaweza kuondoka katikati ya chochote, sifa hiyo peke yake inatosha kuichagua programu hii, ingawa fundi pia ana betri ya akiba chini ya meza. Diski nzima ya terabaiti 1 inayosomeka kwa megabaiti 100 kwa sekunde humalizika kwa saa tatu hivi. Ya shemeji ilichukua siku kadhaa, na fundi alikuwa ametuonya mapema kwamba itakuwa hivyo, akatukataza kumpigia simu kila saa.

Baada ya hapo diski mgonjwa ilizimwa na kuwekwa kwenye mfuko, na marekebisho yote ya mpangilio wa mafaili yakafanywa juu ya nakala. Picha karibu zote zilifunguka. Video chache zilikuwa na madoa au sauti iliyokatika kwa sekunde moja mbili, jambo linalotarajiwa pale sekta kadhaa zinapokosekana katikati ya faili. Mbili hazikufunguka kabisa, kwa sababu kilichopotea kilikuwa ile sehemu ya faili inayoieleza programu ya kuchezea namna ya kuisoma iliyobaki. Faili ya video inaweza kuwa nzima kwa asilimia kubwa na bado isicheze kwa kukosa kipande hicho kidogo. Fundi alituonyesha orodha ya zilizoathirika kabla hatujalipa, na hilo nalihesabu kuwa uungwana.

Yale anayoyakataa yana uzito sawa na anayoyafanya. Kijana mmoja alileta diski inayogonga, tak, tak, tak, akiomba ifunguliwe. Akaambiwa kwamba katika kibanda chenye vumbi na feni hakufunguliwi diski, kwamba kugonga huko aghalabu ni kichwa kilichoharibika, na kwamba kazi hiyo huhitaji chumba cha hewa iliyochujwa na vichwa kutoka diski nyingine ya aina ileile. Ule ujanja wa kuweka diski kwenye friza nao aliukataa, na kwa pwani yetu yenye unyevu ni rahisi kuelewa kwa nini: ikitoka kwenye baridi, maji hujikusanya juu ya chuma, na kwenye sahani pia. Hata kubadilisha ubao wa umeme si jambo jepesi kama zamani, kwani diski nyingi za miaka hii huhifadhi vipimo vyake binafsi kwenye kijichipu kilichomo ubaoni, nacho lazima kihamishwe. Anachokubali kufanya ni kukagua miguso ya ubao huo, ambayo hushika kutu ya chumvi, na kuisafisha kwa kifutio cha penseli.

Sasa kasoro, maana zipo. Uchunguzi ulitugharimu shilingi 10,000, ambazo ziliingizwa kwenye malipo ya kazi, na hilo ni sawa; lakini diski mpya anayoiuza mwenyewe ni ghali kuliko madukani, na hasemi wazi kwamba mteja anaruhusiwa kuja na yake. Stakabadhi yake ni kipande cha karatasi chenye jina la kwanza na namba ya simu, bila namba ya utambulisho ya diski, jambo linalotia wasiwasi ukiona rafu ilivyojaa diski zinazofanana. Kubwa zaidi ni faragha. Nakala ya diski nzima hubaki kwenye mashine yake kwa muda, na hakuna maandishi yanayosema itafutwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwezi Mei 2023, na picha za ndani za harusi za Kitanga, ambako wanawake huwa peke yao na wamejifunua, si kitu cha kuachwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine kwa kuaminiana tu. Tulipouliza alifuta mbele yetu bila kinyongo, lakini isingepaswa kusubiri swali.

Ushauri wake wa baadaye ulikuwa mzuri, ingawa aliutoa haraka akiwa na mteja mwingine. Kanuni aliyoitaja, ya nakala tatu kwenye vifaa vya aina mbili na moja ikae mahali pengine, ilienezwa na Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, na wapiga picha ndio wanaoihitaji kuliko wengi. Nisichokubaliana nacho ni kumwambia mtu wa Tanga apandishe kila kitu kwenye hifadhi ya intaneti. Gigabaiti 15 za bure za Google hazimalizi hata harusi moja iliyorekodiwa kwa kamera mbili, na bando la kupandisha terabaiti nzima si la studio ndogo. Shemeji sasa hupandisha picha teule tu, na hupeleka diski ya pili kwa ndugu yake Muheza kila msimu wa harusi unapokwisha. Ametahadharishwa pia kwamba diski za SSD, ambazo hazina sahani wala kichwa, huweza kufa ghafla bila kuchelewachelewa kwa onyo, na kwamba faili iliyofutwa humo mara nyingi hairudi, kwa kuwa amri ya TRIM huiruhusu diski isafishe nafasi hiyo mapema.

Kwa diski inayochelewa, inayokwamisha kompyuta au inayoomba kufomatiwa, ningempeleka mtu hapo bila kusita; kwa inayogonga, au iliyotumbukia baharini, aiache imezimwa na atafute maabara yenye vifaa. Nenda na diski tupu ya kwako yenye ukubwa unaozidi ile mbovu, andika mwenyewe namba ya utambulisho iliyo kwenye lebo, na taja mapema folda zipi ni za lazima. Ijumaa kibanda hufungwa saa sita mchana kwa ajili ya sala, na hufunguliwa tena saa tisa.