Kliniki ya kisukari Majengo: ushauri unaofika jikoni, ngazi zinazochosha

Tangu mwaka jana nimekuwa nikimpeleka mama katika kliniki ya kisukari inayofanyika asubuhi za Jumatano kwenye zahanati moja ya binafsi hapa Majengo, Mombasa, na nimeona niieleze kwa ajili ya wenye wagonjwa nyumbani. Daktari wake ni mzuri, lakini madaktari wazuri mjini wapo. Kinachoitofautisha ni kwamba wahudumu wake wanaelewa kuwa mgonjwa wa sukari huonana na daktari mara chache kwa mwaka, na siku nyingine zote hali yake hutegemea yeye mwenyewe, anayempikia, na anayetoa pesa za dawa.

Mtaalamu wa lishe alianza kwa kumuuliza mama, "Kwenu nani hupika?" Mama akajibu kuwa ni mkaza mwana wake, naye akaambiwa siku ya pili waje pamoja. Walipokwenda hawakusomewa orodha ya makatazo. Ule mchoro wa sahani yenye nusu mboga, robo wanga na robo kitoweo umebandikwa katika hospitali nyingi, ila kwetu wali huliwa kwenye sinia, na mtu anayekula sinia moja na wajukuu hana njia ya kujua amekula kiasi gani. Mtaalamu yule aliligundua hilo kwa kuuliza tu. Akashauri mama apakuliwe kwanza, kisha sahani yake iwekwe papo hapo mkekani, asije akaona ametengwa. Mahamri hayakupigwa marufuku: aliruhusiwa moja, pamoja na mbaazi kwa wingi zaidi, kwa kuwa zina nyuzinyuzi na protini na hupandisha sukari polepole, mradi tui liwe jepesi na chai isitiwe sukari. Mkaza mwana akauliza kuhusu madafu, akaelezwa kuwa maji ya dafu yana sukari yake na ni lazima yahesabiwe, jambo ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akilifikiria.

Miguu nayo hukaguliwa kwa makini. Sista huwavua wagonjwa viatu, huwagusa nyayo kwa uzi wa nailoni huku wamefumba macho, kisha hutia mkono ndani ya kiatu chenyewe kutafuta msumari au kokoto, maana mguu uliokufa ganzi hauwezi kumwambia mwenyewe kuwa umeumia.

Kabla ya Ramadhani hufanyika kikao maalumu, na kwa mji kama huu nakiona kuwa cha lazima. Wazee wengi hufunga bila kumwambia daktari kwa kuhofia kukatazwa, na wengine huacha kujipima mchana wakidhani kuwa kujidunga kidole hubatilisha saumu. Daktari huwaeleza kuwa kauli ya wanazuoni wengi ni kwamba hakubatilishi, huwapangia upya dawa za daku na za futari, na huwasisitizia kuwa sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye mashine ya kupimia, afungue palepale, hata kama magharibi imekaribia. Wale ambao kufunga kwao ni hatari huambiwa hivyo waziwazi, lakini kwa heshima, na nimeona wazee wakikubali kwa daktari huyu yale waliyowakatalia watoto wao.

Upungufu upo. Kliniki iko ghorofa ya pili na hakuna lifti, hivyo mtu mwenye kidonda mguuni hupandishwa ngazi akiwa ameshikwa mabega, na sijaelewa kwa nini sista hawezi kushuka chini kumhudumia. Wanaotumia insulini huambiwa waihifadhi kwenye friji bila kuulizwa kama wana friji, na kwa joto la Mombasa hilo si swali dogo: chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Bima ya afya ya serikali, SHA, hawaipokei, kwa hiyo malipo yote ni taslimu, na kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu hutozwa kando.

Linaloniudhi zaidi ni vijiti vya kupimia. Mgonjwa hupewa mashine bure, na hapo ndipo furaha inapoishia, kwani kila mashine hukubali vijiti vya kampuni yake tu, na mara nyingi duka la dawa la zahanati huwa limeishiwa. Mama alikaa wiki kadhaa bila kujipima, si kwa uzembe, bali kwa kukosa kijiti. Ukienda, kabla ya kuipokea mashine zunguka kwanza maduka ya dawa ya mtaani kwako uulize kama vijiti vyake vinauzwa na kwa bei gani. Tulipofanya hivyo, tulinunua mashine nyingine ya bei ya kawaida, na sasa mama hujipima kila asubuhi kabla ya kunywa chai.