Tiketi, Bando au Bure: Dokumentari za Kutazama Dar, na Ipi Uanze Nayo

Kijana anayeniingizia muvi kwenye flashi pale Sinza ana kila kitu kwenye kompyuta yake. Za Kikorea, za Kituruki, za Kihindi zilizotafsiriwa, na season za Kizungu ambazo hata waigizaji wake wameshazisahau. Mwezi uliopita nilimuuliza kama ana dokumentari. Akanitazama kama mtu aliyeagiza mkaa kwa kinyozi. "Bro, hizo haziendi. Zinajaza nafasi tu." Kisha akanionea huruma, akafungua folda iliyoandikwa WANYAMA. Mlikuwa na simba mmoja anamkimbiza nyumbu, dakika arobaini, sauti haitoki.

Kwa hiyo mpenzi wa dokumentari (wenye Kiswahili chao sanifu huziita filamu za hali halisi) hana budi kujihangaikia mwenyewe. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunakumbuka Royal Tour ya 2022, Rais Samia akimtembeza Peter Greenberg mbugani. Ile ilikuwa kazi ya kuitangaza nchi, na haikuficha. Ninazozisemea hapa ni za namna nyingine.

Kwanza, mahali pa kuzipata. Kumbi za kulipia, kama Century Cinemax ya Mlimani City, huishi kwa Hollywood, Wahindi na uzinduzi wa Bongo Movie. Dokumentari hupita humo kama mgeni wa usiku, na ukiiona kwenye ratiba usiseme "nitaenda wikiendi ijayo". Penye mavuno ni kwenye maonyesho ya bure: Goethe-Institut pale Upanga, Alliance Française, na Nafasi Art Space kule Mikocheni. Fuata kurasa zao, maana tangazo hutoka siku chache kabla ya onyesho. Mwenye nauli ya boti asubiri tamasha la ZIFF, avuke Zanzibar akatazame filamu Ngome Kongwe chini ya nyota. Ni kitu cha karibu zaidi tulichobakiwa nacho na ile Drive-In ya Msasani wanayoisimulia wazee, pale ulipo sasa ubalozi wa Marekani.

Nyumbani, gharama yako kubwa ni bando. Netflix wenyewe wanasema ubora wa kawaida hula takribani GB 1 kwa saa, HD hufika GB 3, na 4K hufika GB 7. Ila kwenye simu kuna mpangilio wa kubana data ambao GB 1 hukupa kama saa sita. Watu wengi hawaujui, wanalaumu mtandao. Pakua usiku kama kifurushi chako cha usiku ni nafuu, na upakue mapema, kwa sababu umeme ukikatika hata ruta inalala.

Jingine ni kigezo changu cha kuzipanga. Najiuliza: naweza kuitazama hii na watu wa nyumbani bila kugeuka mkalimani? Sisi tumelelewa na sauti ya Lufufu kwenye mabanda ya video, mtu anakusimulia mpaka jinsi adui anavyohema. Dokumentari hazina Lufufu. Zina maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, na mama yangu hawezi kusoma maandishi yanayokimbia huku anachagua mchele.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni The Empty Grave ya 2024, iliyoongozwa na Mtanzania Cece Mlay pamoja na Mjerumani Agnes Lisa Wegner. Ilizinduliwa kwenye tamasha la filamu la Berlin. Sehemu kubwa ni Kiswahili chetu, tena kile cha mezani, si cha taarifa ya habari. Inamfuata mwanasheria wa ukoo wa Mbano na mkewe wakilitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Kuna pia ukoo wa Kaaya wa Meru wenye kilio kama hicho. Wanasafiri hadi Berlin, wanaongea na watu wapole wenye mafaili, na upole wenyewe unakuchosha. Baadaye unamwona Rais Steinmeier akija Songea Novemba 2023 kuomba msamaha.

Niliitazama na mjomba, Mngoni wa Peramiho aliyeishi Dar tangu enzi za mabasi ya UDA. Ukumbi sitautaja. Katikati ya filamu projekta ikazima, na fundi akatafutwa kama robo saa. Mjomba, ambaye kanisani husinzia kabla padri hajafika kwenye mahubiri, akageuka nyuma na kuanza kuwaeleza vijana wawili asiowajua jinsi watu wanavyokusanyika Songea kila tarehe 27 Februari kuwakumbuka walionyongwa. Alikuwa amevua kofia, ameiweka gotini. Picha iliporudi aliwakatiza palepale: "Ngoja, ngoja, wamerudi." Kofia hakuivaa tena mpaka tulipofika kituoni. Hii ukiikuta inaonyeshwa, hata iwe upande wa pili wa jiji na foleni ya Ubungo imekaza, nenda. Na uende na mzee.

Ya pili ni Dahomey ya Mati Diop, pia ya 2024, iliyotwaa tuzo kuu ya Berlin, Dubu wa Dhahabu. Ina dakika 68 tu, kwa hiyo hata foleni haikuogopeshi. Inasimulia hazina 26 za kifalme zilizoibwa na majeshi ya Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19, zilivyorudishwa Benin mwaka 2021. Sanamu moja, namba 26, inazungumza yenyewe kwa Kifoni, lugha ya huko Benin, kwa sauti nzito iliyokaa gizani muda mrefu. Nusu ya pili ni wanafunzi wa chuo kikuu wakibishana: wamerudishiwa 26 kati ya maelfu, washangilie au watukane? Aliyewahi kukaa Nkrumah Hall pale Mlimani atawatambua wote, pamoja na yule anayeomba dakika moja na kuchukua kumi. Lugha ni Kifaransa na Kifoni, kwa hiyo utasoma sana, ila maneno hayakimbii. Itazame kwenye skrini kubwa, kwa kuwa zile sekunde za giza na sauti kwenye simu zinakuwa giza tu. Nilitoka nikimwaza mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo amesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin akipigwa picha na watoto wa shule.

Namba tatu ni ya kutazama nyumbani, tena kwenye simu bila kujuta: The Perfect Neighbor ya Geeta Gandbhir, iliyoingia Netflix Oktoba 2025. Karibu yote imejengwa kwa picha za kamera zinazovaliwa kifuani na polisi wa Marekani, kwa hiyo 4K haitakuongezea kitu. Inahusu ugomvi wa majirani huko Florida: watoto wanacheza uwanjani, mwanamke mmoja hataki, anaita polisi leo, kesho, keshokutwa. Mwaka 2023 ikaisha kwa Ajike Owens, mama wa watoto wanne, kupigwa risasi kupitia mlango uliofungwa. Mwanzo ni ugomvi wa uswahilini kabisa, wa kupelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi na kuisha kwa soda. Ndicho kinachotisha: unaendelea kumsubiri mjumbe, na hayupo. Ina kama saa moja na nusu hivi. Kwa ubora wa kawaida haifiki GB 2, na kwa mpangilio wa kubana data ni MB mia mbili na kitu. Watoto wasiwepo sebuleni, kwa sababu kuna dakika ambayo watoto wa marehemu wanapewa habari, na kamera haiondoki.

Soundtrack to a Coup d'Etat ya Johan Grimonprez naipenda kuliko nafasi niliyoipa. Ni kuhusu kuuawa kwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, Januari 1961, na jinsi wanamuziki wa jazi, Louis Armstrong akiwa mmojawapo, walivyotumwa Afrika kutabasamu huku mambo yakipikwa nyuma ya pazia. Kila siku tunakatiza Mtaa wa Lumumba kwenda Kariakoo, na sidhani kama wengi wetu tumewahi kumsikia mwenye jina akizungumza. Humu utamsikia. Utamwona pia Abbey Lincoln, mwimbaji, aliyevamia kikao cha Baraza la Usalama na wenzake kupinga mauaji yale. Shida ni dakika 150 na maandishi yanayojaza skrini juu ya muziki juu ya hotuba. Mama aliondoka dakika ya kumi na mbili. Igawe siku mbili, uunganishe spika ya maana. Ukiitazama kwa spika ya simu, nusu ya kazi hujaisikia.

Ocean ya David Attenborough ilitoka kwenye kumbi za sinema tarehe 8 Mei 2025, siku aliyotimiza miaka 99. Kuna kipande kimoja tu ninachokuombea ukione kwenye skrini pana: nyavu za kukokota zikisugua sakafu ya bahari, zimepigwa picha kwa chini, vumbi linapanda na samaki wanakimbia mbele kama watu wanaokimbia moto. Mvuvi wa Feri anayejua kokoro na baruti hahitaji kutafsiriwa hapo. Kilichobaki ni kizuri kwa namna ambayo Attenborough amekuwa mzuri maisha yangu yote, yaani unaweza kuinuka ukachemsha chai na usipotee. Disney+ haijafunguliwa rasmi kwetu, kwa hiyo vizia ratiba ya National Geographic kama king'amuzi chako kina chaneli hiyo.

How to Build a Library ya 2025 ni ya majirani zetu: wanawake wawili wa Nairobi wanaifufua maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 na kwa miaka mingi haikumruhusu Mwafrika kuingia kusoma. Kuna urasimu wa halmashauri humo wa kukuchekesha na kukuudhi kwa pamoja. Ikija tamasha lolote, ingia. No Other Land, iliyoshinda Oscar 2025, nimeiacha nje ya orodha kwa sababu moja tu: sikuweza kulala baada ya kuiona, na sipendi kumshauri mtu anayetafuta burudani ya Ijumaa. Ila waongozaji wake wanne, Wapalestina wawili na Waisraeli wawili, wamefanya kazi ambayo mwandishi wa habari yeyote angeionea wivu.

Kuhusu fedha: usijiunge na huduma mpya ya mwezi kwa ajili ya filamu moja. Andika kwanza jina la filamu, uone kama huduma hiyo inaionyesha kwa akaunti ya Tanzania. Orodha ya Marekani au Uingereza siyo yetu, na watu hulipa kisha wanakuta ukurasa mtupu. Na kabla ya kulipa popote, tafuta kwenye YouTube, kwenye chaneli za DW na BBC Africa Eye. Ni bure na zina kazi nzito.

Kama Netflix unailipia tayari, usiikate kabla hujaiona The Ivory Game. Ni ya 2016, si mpya hata kidogo, ila kikosi cha Tanzania kinachomsaka jangili aliyejulikana kama Shetani Hana Huruma kinapita kwenye barabara unazozijua, na mtu huyo akakamatwa 2015 pembezoni mwa jiji hili hili. Maafisa wanapopigiana simu ni Kiswahili, kwa hiyo sikuwa na la kutafsiri. Ilipofika usiku wa kumkamata, mama aliuweka ungo wa mchele chini, akasogeza kiti mbele ya televisheni, akaniambia nipunguze kutafuna bisi.