Haibridi ya kuchaji: inamfaa nani?

Kwangu gari hili, lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme yenye betri ya kuchomeka, limefaa, kwa sababu ninapoegesha pana soketi ukutani. Jioni nachomeka waya, asubuhi betri imejaa, naenda kazini na kurudi bila injini ya petroli kuwaka. Toyota Prius ya kuchaji ya 2023, yenye betri ya kWh 13.6 (kilowati-saa, kipimo cha umeme inaobeba), hufika hadi kama kilomita 70 kwa umeme pekee kwa majaribio rasmi ya Marekani. Mizunguko yangu haifiki huko.

Safari ndefu ni habari nyingine. Chaji ikiisha unabaki na kama haibridi ya kawaida, ile isiyochomekwa, ila iliyobeba betri nzito, na petroli inalika. Kama huna pa kuchaji, usijisumbue, chukua ile ya kawaida. Kero yangu? Waya uliolowa matope kurudi kwenye buti, juu ya mabegi.