Biskuti za Idi: mashine ya kupulizia rangi au brashi?
Biskuti zikiwa nyingi, mashine ndiyo yenyewe. Inatoa ukungu mwembamba, buluu ikaingia kwenye kijani kama bahari ya Nungwi, bila alama ya mkono. Ila inataka rangi ya chakula ya majimaji, umeme, na aisingi (sukari laini ya kupambia juu ya biskuti) iliyokauka kabisa. Kwa unyevu wa Unguja wakati wa masika, ziache usiku kucha. Puliza kwa mbali, tabaka jepesi juu ya jepesi. Ukisogea karibu, rangi inachuruzika.

Brashi ni ya polepole, lakini kwa ua la asumini mie naichagua hiyo.

Kuchanganya rangi ya chungwa ni kulekule kwa zote mbili: anza na njano, nyekundu itie kwa ncha ya kijiti. Ikizidi, kuirudisha chungwa kunataka njano nyingi.