Brasso kwenye saa ya chuma: uzoefu wangu na Seiko 5 ya mjomba

Mwaka jana mjomba alinikabidhi Seiko 5 yake, saa aliyoinunua 1989. Ukiitikisa tu inaamka na kwenda, ila mwili ulikuwa umechubuka kila upande, na kifungo cha mkanda ndiyo usiseme. Nilitaka kuipeleka kwa fundi. Mjomba mwenyewe akanikatiza: "Mjomba, nunua Brasso. Jeshini vifungo vya mikanda tuling'arishia hiyo hiyo."

Nilidhani hiyo dawa ya kung'arishia vyuma ni ya shaba tu, kumbe hata chuma cha pua inakubali. Ndani yake mna unga laini sana unaokwangua chuma kidogo kidogo. Mna amonia pia, kwa hiyo fungua madirisha, na kama saa ina mkanda wa ngozi, uvue kwanza.

Kilichonichukua muda ni maandalizi. Mkanda niliutoa, nikausugua kwa mswaki na maji ya sabuni, kwa sababu vumbi lililojificha kwenye pingili ni mchanga, na ukilisugulia juu ya chuma unaongeza mikwaruzo. Mwili wa saa niliufuta tu kwa kitambaa chenye unyevu. Mpira wa kuzuia maji wa umri ule siuamini.

Kisha tazama saa yako vizuri kwenye mwanga. Yangu ubavuni inang'aa kama kioo, lakini juu ina vimistari vyembamba vilivyochorwa kiwandani vielekee upande mmoja. Brasso ikigusa vile vimistari inavifuta, panabaki doa linalometameta pasipotakiwa. Nilivifunika kwa ile tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi magari. Mfuniko wa nyuma sikuugusa kabisa. Namba yake ya utambulisho inaanza na 85, yaani mwaka unaoishia na 8, mwezi wa tano. Ndiyo Mei 1988, na sikuwa tayari kuona maandishi hayo yanafifia kwa mkono wangu.

Nilitumia kipande cha fulana kuukuu ya pamba na matone mawili tu. Nilisugua kama dakika tano kila ubavu bila kukandamiza, nikafuta, nikarudia mara tatu. Kitambaa kilitoka cheusi tii, na ubavu ukaanza kuonyesha sura yangu. Nilifurahi mno! Ile michubuko midogo inayofanana na utando wa buibui imekwisha yote. Kifungo cha mkanda nacho kimepona kwa sehemu kubwa.

Mkwaruzo ambao kucha inaukwaa, Brasso haiutoi. Ninao mmoja karibu na kitufe cha kurekebishia, pale kwenye namba 4, na umebaki. Kuutoa kunadai msasa na kupunguza chuma kingi, kona za saa zitapoteza makali yake. Kioo nacho usihangaike nacho, hakibadiliki. Na tafadhali, stilwaya usiilete karibu: inaacha chembe za chuma ambazo baadaye zinashika kutu juu ya saa yako. Saa iliyopakwa dhahabu pia usiijaribu, ile rangi ni utando mwembamba tu.

Nimeipa nyota nne. Ijumaa niliivaa kwenda kwa mjomba. Aliivua mkononi mwangu, akaigeuza, akapapasa ule mkwaruzo kwa kidole gumba. "Huu ni wa mlango wa lori," akasema, "Morogoro."