Tovuti ya Kwanza kwa Bei Nafuu: Nunua Jina Kwanza, Kisha Chagua Njia

Fundi samani wa Keko, mwenye nyumba ya wageni Paje, mama anayepokea oda za keki Tabata, mwalimu mwenye chekechea Kisumu: wote hawa wanataka kitu kimoja. Mteja akitafuta jina lao kwenye simu, akute ukurasa unaofunguka haraka, unaoonyesha kazi zao, bei, mahali walipo na namba ya kupiga. Hitaji hilo ni dogo, na halipaswi kumgharimu mtu mtaji wa biashara.

Kinachoumiza watu mara nyingi hakimo kwenye bei ya kwanza. Mtu analipa, anapata tovuti nzuri, halafu mwaka wa pili anagundua kwamba jina la tovuti, neno la siri na hata picha zake ziko mikononi mwa mwingine. Ndiyo maana njia zilizomo hapa nimezipanga kwa maswali matatu: mtu anayeanza ataweza kuiendesha? Mwaka wa pili atalipa nini? Na siku akitaka kuhama, atatoka na nini?

Jina, kabla ya chochote

Jina la tovuti, au kikoa, ndilo kiwanja, na tovuti ni nyumba iliyojengwa juu yake. Nyumba unaweza kuibomoa na kuijenga upya kila mwaka, lakini kiwanja kikiandikwa jina la fundi, hata nyumba si yako.

Majina yanayoishia na .co.tz yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na ya .co.ke chini ya KeNIC, shirika linalosimamia majina ya tovuti ya Kenya. Huendi kuyanunua kwao moja kwa moja. Unakwenda kwa wasajili walioidhinishwa, yaani kampuni zinazouza majina ya tovuti, na wengi wao wanapokea malipo ya simu. Majina ya .com yanauzwa duniani kote. Septemba 2024 bei ya jumla ambayo msajili mwenyewe analipa kwa jina moja la .com ilipanda hadi dola 10.26 kwa mwaka, kwa hiyo ukiuziwa kwa dola mbili, fahamu kuwa hiyo ni chambo ya mwaka wa kwanza. Swali la kuuliza si "shilingi ngapi?" tu. Uliza "kuhuisha, yaani kulipia mwaka unaofuata, ni shilingi ngapi?" na upate jibu kwa maandishi.

Akaunti ya msajili ifungue mwenyewe, kwa barua pepe yako ya kudumu, si ya mfanyakazi anayeweza kuondoka kesho. Weka namba yako ya simu, washa malipo ya kujihuisha yenyewe kama unatumia kadi, la sivyo andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda. Jina la .com likiisha muda, kwa kawaida unapewa siku kadhaa za kulipa kwa bei ileile, kisha linaingia kipindi cha siku 30 ambacho kulikomboa kunagharimu mara nyingi zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo yeyote anaweza kulichukua.

Pia, kabla hujalipa senti kwa ajili ya tovuti, jiandikishe bure kwenye ramani za Google kama biashara, na fungua WhatsApp Business uweke bidhaa zako kwenye katalogi. Kwa kinyozi au muuza chipsi, hayo mawili yanaweza kutosha mwaka mzima.

Nafasi ya kwanza: Google Sites juu ya jina lako mwenyewe

Google Sites ni huduma ya bure ya Google ya kutengenezea tovuti. Kwa anayeanza na asiye na fedha nyingi, hii ndiyo naiweka juu, na najua mafundi wengi hawataitaja kwa sababu haina cha kuwauzia. Unaingia kwa akaunti ya Gmail, unaburuta picha na maandishi mahali pake, unachapisha. Hakuna ada ya seva (kompyuta inayohifadhi tovuti mtandaoni) na ulinzi wa https, unaozuia taarifa za mteja kusomwa njiani, umo ndani, kwa hiyo gharama yako ya mwaka ni jina tu. Kuitengeneza fanyia kwenye kompyuta, hata ya kuazima. Kwenye simu kunasumbua.

Hatua inayowatisha watu ni kuunganisha jina. Kwa kweli ni hivi: kwenye mipangilio ya Google Sites unaandika jina lako likianza na www, Google inakutaka uthibitishe kuwa ni lako, kisha unaingia kwenye akaunti ya msajili, sehemu ya DNS (mipangilio inayosema jina lielekee wapi), unaongeza rekodi ya aina ya CNAME, yaani mstari unaolielekeza jina lako kwenye anwani nyingine. Pa jina unaandika www, pa kuelekeza unaandika ghs.googlehosted.com. Unahifadhi, unasubiri, inaweza kuchukua dakika chache au saa kadhaa. Ukikwama, msaada wa msajili wa hapa nyumbani unaweza kukufanyia kwa simu. Waombe pia wamwelekeze anayeandika jina bila www afike mahali palepale.

Kitufe cha oda ndicho kitakachokuletea fedha, kwa hiyo kiweke juu kabisa. Tumia kiungo cha wa.me/ kikifuatiwa na 255 (au 254 kwa Kenya) na namba yako bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha wala nafasi. Mteja akibonyeza, WhatsApp inafunguka ikiwa tayari kukuandikia. Chini yake andika Lipa Namba yako pamoja na jina litakalotokea wakati wa kulipa, ili mteja asiingiwe na hofu ya kutapeliwa.

Upungufu upo. Muonekano ni wa kawaida, hakuna kikapu cha manunuzi, na huwezi kuihamisha ilivyo kwenda kwingine. Lakini maandishi na picha unazo, jina ni lako, na siku ukikua unalielekeza kwenye tovuti mpya bila mteja kujua kuna kilichobadilika.

Nafasi ya pili: fundi wa hapa, kwa WordPress, kwa masharti yako

WordPress ni programu ya bure ya kutengenezea tovuti iliyopo tangu 2003, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaiendesha. Kwa mnunuzi, maana ya takwimu hiyo ni moja tu: fundi wako akihama mji, akipata ajira au akizima simu, kuna mafundi wengine wengi wanaoweza kuipokea kazi palipoishia. Tovuti iliyoandikwa kwa mikono kuanzia sifuri na kijana mmoja haina usalama huo, hata iwe nzuri namna gani.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, basi twende polepole. Dai bei iliyochambuliwa: jina kiasi gani, kukodi nafasi kwenye seva kiasi gani, ufundi kiasi gani, na matunzo kiasi gani kwa mwaka. Bei ya mkupuo inaficha mengi, na maneno "mwaka wa kwanza bure" yanaficha zaidi. Kampuni za seva nazo hutangaza bei ya chini sana kwa anayelipia miaka kadhaa kwa pamoja, kisha wakati wa kuhuisha bei inapanda. Fundi mwaminifu atakwambia hilo kabla hujauliza.

Akaunti ya seva, kama ya jina, ifunguliwe kwa barua pepe yako. Fundi umpe ruhusa ya kuingia wakati wa kazi, na mkimaliza ubadilishe neno la siri. Ndani ya WordPress kuna ngazi za watumiaji, na mafundi wengine humwachia mteja ngazi ya mhariri. Mhariri anaweza kubadilisha maandishi lakini hawezi kuongeza wala kuondoa programu ndogo zinazoiendesha tovuti, na hawezi kumtoa fundi. Wewe uwe msimamizi mkuu. Usilipe awamu ya mwisho kabla hujaingia mwenyewe, mbele yake, kwenye akaunti ya jina, ya seva na ya tovuti.

Muulize kama muundo na programu ndogo alizotumia ni halali. Zile za kulipia zilizovunjwa kufuli na kugawiwa bure mara nyingi hupandikizwa msimbo mbaya, na siku moja duka lako la vitenge linaanza kumpeleka mteja kwenye kamari. Muulize pia nakala ya akiba inahifadhiwa wapi, na umwombe moja uiweke kwenye hifadhi yako. Kisha mwombe anwani za tovuti alizotengeneza miaka miwili au zaidi iliyopita. Zifungue kwa simu yako, kwa bando la kawaida, na upige namba zilizomo. Mwenye tovuti atakueleza kama fundi huyo hupokea simu akishalipwa, na hilo ndilo jambo kubwa unalotafuta.

Kwa nyumba ya wageni inayohitaji kurasa kadhaa, picha nyingi na lugha mbili, au shule inayotaka kutoa matangazo kila muhula, njia hii inastahili nafasi ya kwanza.

Nafasi ya tatu: Carrd

Hii ni huduma ya mtandaoni inayotengeneza ukurasa mmoja tu, na inautengeneza vizuri. Kwenye simu unaonekana msafi kuliko Google Sites. Kiwango kinachokuruhusu kutumia jina lako mwenyewe ni dola 19 kwa mwaka. Unalipa kwa kadi, ingawa kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia huduma ya fedha ya simu huweza kufaa. Mpiga picha, msusi wa harusini, mwalimu wa tuisheni: kwao inatosha.

Nafasi ya nne: WordPress kwa mikono yako

Ukiwa na subira na unapenda kujifunza, inawezekana, na utaokoa ada ya ufundi. Utalipia jina na seva tu, na wauzaji wengi wa seva wana kitufe kimoja cha kuipakia. Cheti cha https usikinunue. Huduma iitwayo Let's Encrypt inavitoa bure. Nimeiteremsha huku kwa sababu ya matunzo. Programu ndogo zisiposasishwa ndizo mlango wanaopitia wadukuzi, na mtu anayeshinda dukani hadi saa mbili usiku hana muda wa kuzikagua. Ukiichagua, weka programu ndogo chache iwezekanavyo na uruhusu zijisasishe zenyewe.

Nafasi ya tano: Wix na Squarespace

Hizi ni huduma za kulipia za kujijengea tovuti mtandaoni, nzuri kwa macho na rahisi kutumia. Lakini unalipa kwa dola, miaka yote, na thamani ya shilingi ikishuka gharama yako inapanda bila huduma kuongezeka. Wix ya bure inakuwekea matangazo yake na anwani yenye jina lake. Na tovuti ya Wix huwezi kuibeba kwenda kwenye seva nyingine. Ukiondoka unajenga upya. Aliyeko Muscat au Minneapolis anayelipwa kwa fedha za huko hatausikia sana mzigo huu. Mwenye genge la samaki Feri atausikia.

Ya mwisho: tovuti ya bure kwenye jina la mwingine

Machi 2024 Google ilizizima tovuti ndogo za bure ilizokuwa ikiwapa wenye biashara, zile zenye anwani ya business.site. Anwani ziliendelea kumpeleka mteja kwenye wasifu wa biashara hadi Juni, kisha zikakatika. Aliyekuwa ameichapisha kwenye kadi, mifuko na ubavu wa bajaji alipoteza vyote hivyo. Mwaka mmoja kabla, Gabon ilirudisha usimamizi wa majina yake ya .ga, na majina yaliyogawiwa bure kwa watu wa nchi nyingine yakafutwa kwa wingi. Anayekupa bure hana deni kwako siku anapofunga. Tumia za bure kujifunzia, usizichape popote.

Picha, na data za watu

Njia yoyote utakayochagua, punguza picha kabla ya kupandisha. Picha moja ya simu huweza kuwa na MB 4. Kumi ni MB 40 za bando la mteja kabla hajaona bei. Squoosh, programu ya kupunguza picha, ni ya bure, inafanya kazi ndani ya kivinjari, na inaweza kuishusha picha hiyo hadi chini ya KB 200 bila macho kuona tofauti. Na kama fomu yako inakusanya majina na namba za simu, kumbuka Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Chekechea isiweke picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Kama tayari uko mikononi mwa mtu

Anza kwa kutafuta jina lako kwenye lookup.icann.org kama ni la .com, utaona msajili ni nani na muda unaisha lini, ingawa jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa. Kisha fungua akaunti yako kwa msajili huyohuyo na umwombe fundi alihamishie huko. Hii ni nyepesi kuliko kuhamia kwa msajili mwingine, ambako jina lililosajiliwa karibuni linaweza kuzuiwa kwa siku 60. Ongea naye kwa upole na umlipe usumbufu wake ikibidi. Risiti zako za malipo, meseji mlizoandikiana na cheti cha jina la biashara uviweke tayari, maana ukilazimika kumwandikia msajili, hivyo ndivyo atakavyoviomba.